Alama Tisini na Moja kwa Chupa ya Chai

"Chai," alisema wakala.

Tuliachana hapo, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Kuna mmoja wenu amenitukana kila asubuhi kwa sababu nilikata maneno. Haya baba, shusha pumzi, tunaendelea.

"Chai ya rangi," wakala akarudia, safari hii kwa upole, maana ni mama mwenye adabu zake. "Ile chupa tuliyokuletea, Bwana Pua, ilikuwa ya dirishani. Za dirishani tunazijaza chai, wiski yenyewe ikipigwa na jua inaharibika. Mtu wangu wa stoo alikosea rafu. Nimekuja kuomba radhi kwa usumbufu."

Hakukuwa na usumbufu wowote. Pua alikuwa ameipa alama tisini na moja kwa mia.

Kwa mgeni wa leo, karibu, usipate shida. Pua ni mwonjaji wa gazeti. Kila Ijumaa, katika safu yake iitwayo Tone la Wiki, anawaambia watu wiski ipi ya Uskoti inafaa kunywewa na ipi inafaa kusafishia vioo. Anaonja zile za kimea kitupu tu, zilizotoka kiwanda kimoja bila kuchanganywa na za jirani. Wenye baa wameisoma safu hiyo miaka na miaka kabla hawajafungua ukurasa wa michezo. Sasa wiki tatu zilizopita Pua alishikwa na mafua, na mafua yalipoondoka yaliondoka na pua.

Pua yenyewe ipo, kubwa, ukiwa nyuma yake bado unaiona. Kilichoondoka ni kunusa. Hasikii harufu ya sabuni, ya kitunguu, wala ya soksi zake mwenyewe. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

Kwa hiyo ilipoletwa ile wiski ya miaka kumi na minane, Pua aliiangalia chupa, akakumbuka aliyoionja zamani, akakaa chini akaandika. Asali ya porini, ngozi mpya, moshi wa mbali, mwisho mrefu usiotaka kuaga. Kizibo hakukigusa. Angekigusa cha nini?

Mhariri wake, aliyeyasikia yote haya ofisini kwake, alilivuta gazeti mezani, akavaa miwani. Ni mwanamke mfupi, na sauti yake haipandi hata akikufukuza kazi.

"Mwisho mrefu usiotaka kuaga," alisoma. "Wa chai."

"Mama, nieleze kidogo..."

"Eleza."

"Ile chupa yao niliiona tu nikajua ni ya dirishani. Niliiweka pembeni. Niliyoandika ni ya chupa yangu mwenyewe, ninayo nyumbani, nilinunua siku nyingi."

Uongo mzuri ule. Niliposikia nilitaka kumpigia makofi. Wakala alishusha pumzi, akatabasamu, akaanza kuchukua mkoba wake.

"Vizuri," alisema Mhariri. "Nimefurahi. Dada, usiondoke. Unayo ile ya kweli kwenye gari?"

"Ipo, mama."

"Basi saa sita, chumba cha mikutano. Glasi nyeusi tatu, moja ina ile ya miaka kumi na minane. Bwana Pua atatuonyesha ni ipi, na sisi wengine tujifunze." Akavua miwani. "Ukishindwa, Pua, nitajua safu yangu inaandikwa na mtu asiyeonja. Nitaifuta leo leo, na wewe utaondoka nayo. Sitaitisha kikao."

"Sawa, mama," alisema Pua. Miguu yake ilikuwa imeshatangulia nje.

*

Kwenye ngazi alipiga simu nyumbani.

"Mama Watoto, kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika, kuna chupa ina lakiri nyekundu, ile nta ya juu ya kizibo. Itoe hapo."

"Niipeleke wapi?"

"Popote. Ifiche."

"Asiione nani?"

"Mtu yeyote."

Kimya kidogo. Kimya cha mke wewe unakijua, kama huna mke muulize aliyenaye.

"Baba Watoto, hiyo chupa umepewa na nani?"

"Wakala."

"Mwanamume au mwanamke?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema mwanamume. Lakini Pua alikuwa ameshatumia uongo wake wote wa asubuhi.

"Mwanamke."

"Nakuja," alisema mkewe, akakata simu.

Usimlaumu. Huyu mume alizoea kurudisha sahani kwa sababu ya punje ya chumvi. Ghafla, wiki tatu sasa, anasifia kila kitu. Amewekewa wali mbichi akasifia. Juzi mkewe akaunguza maharage makusudi, yakawa meusi, akamwekea na kukaa mbele yake kumtazama. Pua alikula yote. "Leo umeniweza," alisema, akaomba ya kuongeza.

Mama Watoto alikwenda bafuni akafungulia maji ya bomba, akalia. Mwanamume anayesifia maharage yaliyoungua, alijiambia, ana kitu anakificha. Hapo hakukosea. Alichokosea ni kitu chenyewe.

*

Saa sita chumba cha mikutano kilijaa. Watu wa michezo walikuja, wa siasa walikuja, na mwandishi wa tanzia alikuja na kalamu.

Mezani palikuwa na jagi la maji, ndoo ya kutemea, na glasi tatu nyeusi tii. Nyeusi ni kwa sababu macho ni waongo. Mwonjaji akiona rangi ya dhahabu iliyokolea, tayari ulimi wake umeshaambiwa cha kusema. Wakala alimimina akiwa peke yake, akatoka, kisha Mhariri akaingia mwenyewe kuzipanga. Zikumbuke hizo dakika mbili za Mhariri.

Pua alikaa. Aliinua glasi ya kwanza, akaifikisha chini ya ile pua, akafumba macho kama miaka yote. Akavuta. Hakusikia kitu. Angekuwa amenusa kitasa cha mlango ingekuwa vilevile.

Alipofumbua macho aliona watu wa mstari wa mbele wamegeuza nyuso pembeni. Akadhani ni heshima.

Sasa sikiliza. Pua hana pua, ila ulimi anao. Ulimi hauna habari ya asali ya porini, lakini unajua moto, uchungu, na uzito. Alipiga funda la kwanza. Lilichoma ncha ya ulimi, likapita haraka, jepesi kama maji yaliyotishwa na pombe. Akatema.

"Hii ni ya dukani, ya mchanganyiko," alisema. "Wanaokunywa hii wanakunywa na soda, na wanafanya vizuri."

Watu wakacheka kidogo. Mhariri hakucheka.

Funda la pili halikuchoma popote. Halikuteleza. Lilikausha mashavu kwa ndani, likakaa hapo. Pua aliiweka glasi chini polepole.

"Hii ni chai."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama Mhariri.

"Imetoka kantini yetu," Pua aliendelea, maana sasa alishapata nguvu, "na majani yamechemshwa mara ya pili. Mama, kama ni mtego, ungenunua hata majani mapya."

Hapo walicheka kwelikweli, na Mhariri mwenyewe aliinua nyusi moja. Wakala alipiga makofi mawili, akaona aibu, akaacha.

Funda la tatu lilikuwa zito. Lilijipaka kwenye ulimi kama mafuta ya kupikia, likawaka taratibu, likashuka likiwaka hadi kifuani. Pua hakutema.

"Hii hapa," alisema. "Sina shaka."

Wakala aliinua glasi, akasoma karatasi aliyoibandika chini yake. "Ndiyo yetu," alisema. "Ya miaka kumi na minane."

Makofi, vifijo, mtu wa michezo akapiga mluzi. Mwandishi wa tanzia alifunika kalamu yake, na usoni alionekana kama mtu aliyekatiwa umeme. Pua alitaka kulia. Amepona! Kesho ataenda kwa daktari wa masikio na pua, atameza chochote, ataoga mvuke, na hakuna atakayejua kamwe.

"Hongera," alisema Mhariri. "Nimekosea, na nitakuomba radhi mbele ya watu. Ila wasomaji wetu hawanywi ulimi wako, wanasoma harufu. Tuambie harufu yake, halafu twende tukale."

Kitu kidogo. Pua aliinua tena glasi ya tatu. Aliingiza pua ndani, akavuta pumzi ndefu ya kitaalamu, mabega yakapanda.

"Asali," alisema. "Asali ya porini. Halafu ngozi mpya, kama kiatu kinatoka dukani. Maua yaliyokaushwa kivulini..."

Mtu wa michezo alisimama akafungua dirisha.

"Endelea," alisema Mhariri.

"Na moshi. Wa mbali."

"Huo wa mbali umeusikia. Hapo karibu je, husikii kitu?"

"Karibu..." Pua aliangalia nyuso. Mmoja amejiziba kwa tai, mwingine kwa gazeti. Mama wa mapokezi alikuwa anatokwa na machozi. "Karibu pametulia," alisema Pua, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mafuta ya taa," alisema Mhariri. "Nimezipaka mguuni, kwa kidole changu hiki, glasi zote tatu. Mtu mwenye pua angeirudisha ya kwanza kabla haijafika kidevuni. Mlinzi wa getini ameshapanda mara mbili kuuliza kama tunaungua."

Mwandishi wa tanzia alifunua kalamu.

Ndipo kicheko kikasikika mlangoni.

*

Mama Watoto alikuwa amesimama pale na mkoba begani, jasho linamtoka, hana habari na mtu. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko.

"Kumbe hunusi!" alisema.

"Mama Watoto, ngoja..."

"Hunusi! Jamani, mume wangu hanusi!" Alikitangazia kile chumba kama anayetangaza mtoto amezaliwa. "Maharage yale! Na wali! Nimebadilisha manukato, hukusema kitu. Nimerudia yale ya zamani, hukusema kitu. Nikasema basi, huyu anasikia ya mwenzangu. Dada yangu ameshanitandikia kitanda kwake, Jumamosi nilikuwa nahama!"

"Mke wangu, nyamaza kidogo, nakuomba."

"Sinyamazi. Nimenyamaza wiki tatu." Alifungua mkoba, akatoa chupa, akaigonga mezani mbele ya wakala. "Na hii chupa yenu, dada, nilikuja kukupiga nayo. Nisamehe sana. Sina ugomvi nayo tena."

Watu wote waliitazama ile chupa. Lakiri nyekundu ilikuwa haijaguswa, imekaa juu ya kizibo kama ilivyotoka kwa wakala.

"Hii ndiyo tuliyokuletea," wakala alisema taratibu.

"Ya kwako mwenyewe iko wapi?" aliuliza Mhariri. "Ile uliyonunua siku nyingi?"

Pua aliangalia chupa. Aliangalia mkewe, ambaye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio na kung'aa kwa furaha. Kumbuka, msomaji wangu, kwamba mwanamke huyu amemmaliza, na hajui. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa njema kwake kuliko zote za mwezi ule.

"Haipo," alisema Pua. "Sina chupa nyingine. Sina pua. Ile niliandika bila kufungua, na mbili kabla yake pia."

"Kwa nini hukuniambia?" Hapo aliyeuliza ni mkewe, siyo Mhariri.

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Watu wananiita Pua. Mtaani, kazini, hata mama yako. Sasa nikisema imekufa, nabaki nani? Halafu wewe. Nikikukumbatia sikusikii. Nakukumbatia na hupo. Nilisema nikilitamka hilo kwa mdomo wangu litakuwa kweli."

Mama Watoto aliacha kucheka. Alizunguka meza, akapita katikati ya watu wa siasa bila kuomba njia, akamshika mkono. Mtu wa michezo alianza kufunga dirisha ambalo halikuhitaji kufungwa.

Mhariri alingoja. Moyo anao, ila ameuweka mahali hauingiliani na kazi.

"Pole, Pua," alisema. "Nakupa pole ya kweli. Safu imefutwa." Alichukua orodha ya kurasa za Ijumaa, akapiga mstari juu ya Tone la Wiki. "Na tutaandika kila kitu. Chai, lakiri, na zile alama. Watu wamekuamini, wana haki ya kujua."

"Nitaandika mwenyewe," alisema Pua.

"Utaandika?"

"Mama, niandike mimi. Ndiyo ya mwisho. Angalau hiyo moja iwe nimeionja."

Mhariri akakubali kwa kichwa. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kimya, wanaaga kwa macho kama wanatoka hospitali. Walibaki wanne tu, na zile glasi.

Pua alishangaa kuona kwamba hajafa. Alikuwa amepoteza kazi, amepoteza jina, na kifua kilikuwa chepesi.

"Twende nyumbani," alimwambia mkewe. "Leo unipikie tu, usinijaribu."

Mlango ukafunguliwa.

*

Mwenye gazeti hashuki ghorofa hii. Akishuka, ujue kuna aliyekufa au kuna aliyeoa. Siku hiyo alishuka akitabasamu, kibonge, koti limekaza, na kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa gazeti la jana.

"Shikamoo, mzee," walisema wote.

"Marahaba, marahaba. Humu mbona kunanuka kibatari? Ah, achana na hayo. Pua! Wewe ndiye ninayekutafuta. Njoo nikupe mkono."

Akampa mkono. Akautikisa sana.

"Juzi nilikuwa na ugeni," alisema mzee. "Wazazi wa kijana anayemchumbia binti yangu. Watu wa kujisikia, si unawajua? Wameishi ng'ambo, kila kitu wamekionja. Nikasema leo watanitambua. Nikafungua hii." Alilifungua lile gazeti. Ilikuwa chupa ya lakiri nyekundu, imefunguliwa, imebaki robo. "Hawa mawakala waliniletea zawadi siku ileile walipokuletea wewe. Nikasimama na glasi, nikawasomea safu yako neno kwa neno. Asali, ngozi mpya, moshi wa mbali. Jamani! Wote waliusikia ule moshi. Yule baba mkwe aliusikia mara mbili."

Wakala alikaa chini. Hakukuwa na kiti karibu, alikaa juu ya jokofu dogo la vinywaji.

"Alisema hajawahi kunywa wiski laini hivyo maishani," mzee aliendelea. "Haichomi kabisa, alisema. Ameagiza katoni nzima kwa ajili ya harusi. Na posa imekubaliwa palepale, mezani, glasi mkononi. Sasa nimekuja na ugomvi mmoja tu. Tisini na moja? Umeibania, bwana. Mimi nimeipa tisini na tano."

Mhariri alikuwa bado ameshika kalamu. Alimtazama mzee, akaitazama chupa, akamtazama wakala, na wakala akainamisha kichwa kusema ndiyo, ni ya rafu ileile. Mhariri hajawahi kubadilika rangi mbele ya watu. Siku hiyo alibadilika.

Kisha, taratibu, huku mzee akimpa mgongo, aliinua orodha ya kurasa ili Pua aione. Alikikata kile kistari alichokipiga. Akaandika upya pembeni, kwa herufi kubwa: Tone la Wiki. Akaweka kidole mdomoni.

Pua aliona. Safu imerudi, jina limerudi, mshahara umerudi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunyamaza, na kwa wiki tatu alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha.

"Haya, mtaalamu," mzee alisema, akimpiga begani. "Waambie hawa wanawake. Juzi pale kwangu tulikunywa nini?"

Mama Watoto alikuwa bado ameushika mkono wa mumewe. Hakuubana, hakuuvuta. Aliuacha tu hapo, na alikuwa anamtazama usoni kwa utulivu, kama mtu anayengoja kuona ni nani hasa anaondoka naye humu ndani.

Mhariri alitikisa kichwa: hapana. Wakala alitikisa kichwa: hapana, nakuomba.

"Mzee," alisema Pua, "mlikunywa chai."

Mzee alicheka. Alicheka peke yake, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Aliifungua chupa, akapiga funda, akaliacha mdomoni muda mrefu, macho yake madogo yakienda kwa mmoja hadi mwingine. Akameza.

Akairudishia kizibo kwa uangalifu sana.

"Fungeni huo mlango," alisema mzee. "Na simu zenu zote mziweke hapa mezani."